Mkweche wa Babu na safari ya Pemba

*Kikundi: Wana wa Kibosho (familia tu)*

Ba'mdogo: [picha]

Ba'mdogo: Hii Land Rover 109 ya marehemu mzee isiende kwa wanunua vyuma chakavu. Tunakata paa, tunasimika mlingoti, tunapata jahazi la kwenda Pemba.

Kelvin: Ba'mdogo shikamoo. Umeamkia mbege?

Ba'mdogo: Marahaba. Cheka tu. Bodi ni aluminiamu, haishiki kutu.

Kelvin: Bodi sawa. Chesisi ni chuma. Juzi nimeingia chini yake kumtoa kuku, nikaona mawingu 😂

Mama Neema: Shemeji, gari lililokwenda tamasha la Land Rover Arusha 2024 likaishia Boma Ng'ombe, ndilo lifike Pemba?

Ba'mdogo: Ile ilikuwa pampu ya dizeli. Jahazi lina pampu?

Shangazi Tanga: Mie huku pwani mwaka wa 30 sasa, ngoja niulize. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, uko wapi? Upepo ukilipiga ubavuni si litalala kama ng'ombe?

Ba'mdogo: Difu mbili zile, dada. Ndiyo farumi yenyewe, uzito wa kulituliza.

Shangazi Tanga: Heee, farumi umeijulia wapi! Na tanga?

Ba'mdogo: Turubai la mahindi. Kelvin keshalikunja.

Kelvin: Tanga linatoka Moshi kwenda Tanga 🙌

Ba'mdogo: Na usukani upo tayari.

Shangazi Tanga: Usukani wa jahazi unakaa nyuma wewe!

Ba'mdogo: Basi tutakwenda kinyumenyume. Kwanza gia inayoingia bila kelele ni rivasi tu.

Mama Neema: 😂😂😂 nimemwaga chai

Kelvin: Ila msimcheke sana. Kuna Mwaustralia, Ben Carlin, alivuka Atlantiki na jeep ya jeshi ya kuogelea, Ford GPA. Akaizunguka dunia nayo, kamaliza 1958. Mkewe alianza naye, akashuka njiani.

Mama Neema: Shemeji, mkeo nimemuuliza. Anasema yeye anashukia Mombo, anunue matunda arudi.

Ba'mdogo: Mmeona? Imewezekana!

Shangazi Tanga: Ile iliundwa kuelea. Yako hata mvua ya masika inaingia. Halafu sasa ni upepo wa kusi, unasukuma kaskazini. Unasema Pemba, tutakupokea Lamu.

Bibi: 🎤 0:47

Kelvin: Bibi kaongea Kichagga chote, mtoto wa Arusha nimeambulia "kuku" tu. Nani anieleze?

Neema: Anasema kuku wake mwekundu anaatamia kwenye siti ya dereva. Mayai 11. Atakayefungua huo mlango asije kula Krismasi kwake.

Ba'mdogo: Kaanza lini?

Neema: Jana.

Shangazi Tanga: Siku 20 zimebaki.

Mama Neema: Kumbe nahodha keshapanda.

Ba'mdogo: Kelvin, rudisha turubai kwenye mahindi. Naona manyunyu.