Mrejesho: oili ya IST, na ile Vespa ya ami

Assalaam alaykum wakubwa. Mtakumbuka niliuliza kwa nini gari yangu Toyota IST, injini ya 1NZ, inagonga kila asubuhi sekunde chache kisha inanyamaza, na kama dumu moja la oili litafaa pia Vespa ya ami yangu.

Jumamosi tumeifungua hapa Mwanakwerekwe. Oili ilotoka ilikuwa nzito kama asali, na fundi wa mwanzo alikuwa akinitilia 20W-50, oili nzito, kwa hoja ya "joto la Unguja". Nikafuata mlivyonambia: 5W-30 iliyo nyepesi, filta mpya na washa (ringi) mpya ya nati ya chini ya kumwagia oili. Fundi alitaka kumimina lita nne zote, nikamzuia. Injini hii na filta yake inachukua kama lita 3.7. Tukatia kidogo kidogo, tukaiwasha, tukaizima, tukangoja, ndipo tukachomoa stiki ya kupimia oili. Leo siku ya tano, asubuhi kimya. Kumbe ile nzito ilikuwa inachelewa kupanda juu.

Vespa, mlinicheka kwa haki. Ni tustroki (injini ya mipigo miwili), oili yake inachanganywa na petroli, asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5. Giaboksi ndiyo ina yake mbali, SAE 30, robo lita tu. Ami anasema hayo anayajua tangu sijazaliwa, basi angenambia!

Oili chafu nimeirejesha dumuni, kuna fundi seremala kaiomba ya kupakia mbao.