Mario Party ya mkononi: tuchukue ya DS, ya 3DS au turuke hadi Switch?

Mzee wa Dadu
Wakuu, habari za jioni. Nina watoto wanne, wa mwisho ana miaka sita, na Desemba tunapanda basi Dar hadi Bukoba. Mnajua urefu wa ile safari. Nyumbani kuna mashine za gemu za mkononi za Nintendo: DS Lite (aina ya DS) mbili na 3DS mbili, zote mtumba. Nataka kadi moja tu ya Mario Party, lile gemu la kurusha dadu na kutembea kwenye ubao, katikati mnashindana vijigemu. Ipo ya DS ya 2007, halafu za 3DS ni tatu: Island Tour, Star Rush na The Top 100. Waliozicheza waniambie ipi. Nawasilisha.

Fundi Chipu
Mkuu, kwa mashine ulizonazo hapo hakuna mjadala: ya DS. Kadi ya DS inaingia kwenye 3DS, ila kadi ya 3DS haiingii kwenye DS Lite. Ukinunua yoyote kati ya zile tatu, watoto wawili watabaki kuchungulia mabegani mwa wenzao, na vita utaamua wewe kuanzia Chalinze.

La pili, kadi moja inatosha wote wanne. Mwenye kadi anawarushia wenzake gemu hewani, mashine kwa mashine, haihitaji bando wala intaneti. Angalizo: mtoto akizima mashine yake, alichorushiwa kinafutika na mnaanza kurusha upya. Kwa hiyo chaji zijae kabla ya kupanda.

Bint Malindi
Fundi umesema kweli, lakini umeruka kero yenyewe. Ya DS ni Mario Party ya zamani: huyu arushe dadu, atembee, huyu naye, halafu kijigemu. Mtoto wa miaka sita akisubiri zamu tatu, ashaanza kuchokoza. Wangu waliokoka kwa Star Rush. Kwenye Toad Scramble wote mnarusha dadu kwa pamoja, kila mtu ni Toad (yule mwenye kichwa cha uyoga) wa rangi yake, mnakimbilia kuwaokota kina Mario na Luigi wawe upande wenu, kisha mnampiga bosi kugombea nyota. Hakuna kusubiri. Ningekuwa wewe kaka, ningeuza hizo DS Lite nikatafuta 3DS.

Fundi Chipu
Dada, DS Lite mbili za mtumba hazinunui 3DS hata moja. Star Rush ni tamu, sikatai.

Mswahili wa Muscat
Asalaam aleikum. Mimi ninazo zote tatu za 3DS, wanangu wamekua wameniachia.

The Top 100 jina linavutia kuliko gemu lenyewe. Ni vijigemu 100 vilivyookotwa kutoka Mario Party kumi za kwenye TV, na ukitaka kijigemu tupu utafurahi sana. Ukitaka ubao wa kuzunguka, umepewa mmoja mdogo, basi.

Island Tour mbao zake ni saba na nyingi ni mbio tu, nani afike mwisho. Ule mlima wa Banzai Bill ndio tuliocheza mpaka kadi ikachakaa: lile kombora kubwa likitoka juu linashuka na njia, na usipokuwa umejibanza kwenye vipenyo vya pembeni linakurudisha nyuma huko. Aliyekuwa anaongoza ndiye anayelia. Mbao nyingine nyepesi, utaziacha.

Nyuki Mkali
Mbona hamtaji Switch, mashine ya Nintendo iliyokuja baada ya 3DS? Mario Party Superstars (2021) ina mbao tano za enzi za Nintendo 64 na vijigemu 100, vyote kwa vitufe. Switch moja, watu wanne. Ila kila mmoja anahitaji pedi yake, na kwenye basi utaisimamisha wapi hiyo skrini? Sebuleni ndiyo mahali pake. Na msichukue Super Mario Party ya 2018 kama mna Switch Lite, ile ndogo ambayo vitufe vyake havichomoki: vitufe vya mashine yenyewe haivitambui, inataka Joy-Con (pedi ndogo za Switch) za pembeni.

Mzee wa Dadu
Nimewaelewa wakuu. Bint Malindi umenitia tamaa, ila mfuko umeamua: DS. Hiyo ya DS mbao zake zikoje? Zitawashika?

Bint Malindi
Zitawashika kaka, hapo sina ubishi. Bowser, adui wa Mario, kawapunguza kina Mario wakawa wadogo kama sisimizi, kwa hiyo ubao mmoja ni bustani, maua yamewapita urefu, mwingine ni chumba cha muziki, wanatembea katikati ya vyombo. Mbao ni tano. Kuna na mitego ya kutega kwenye viduara, anayekanyaga ananyang'anywa sarafu. Mkubwa wako atamtegea mdogo, jiandae.

Fundi Chipu
Kabla hujalipa, iweke kadi kwenye mashine yako mwenyewe, cheza kidogo, hifadhi, zima, washa. Kopi za kadi za DS ni nyingi na baadhi hazihifadhi. Imetoka Marekani, Ulaya au Japani haijalishi, kadi za DS za kawaida hazina kufuli la kanda (la kukataa mashine ya nchi nyingine) kama za 3DS, ila ya Japani maandishi ni Kijapani. Na hizo DS Lite kagua bawaba ya kulia, hupasuka hapo. Kama tayari ina ufa, mpe mtoto mtulivu.

Mzee wa Dadu
Mtulivu yupi tena mkuu, wanne wote ni wangu.