Naomba ushauri: siku mbili Lisbon, nianzie wapi?

Binti wa Kivinje
Habari za leo wanajamvi. Namaliza mafunzo ya wiki sita Madrid, na wakati wa kurudi Dar nimeamua kupitia Lisbon. Nitafika Jumapili saa mbili asubuhi, naondoka Jumanne saa sita mchana. Nitalala karibu na uwanja wa Rossio, katikati ya mji. Viza yangu bado ina siku, hilo halinisumbui.

Kwa aliyewahi kufika, naomba mwongozo. Natamani kuuona mto Tejo, mji mkongwe, na walikozikwa wale mabaharia waliokuja kwetu. Nimekulia Kilwa Kivinje, habari za Mreno tumezisikia tangu tukiwa wadogo. Nataka kuona walikotokea.

Mambo mawili tu: goti langu la kulia lilifanyiwa upasuaji mwaka jana, kwa hiyo vilima vikali siviwezi. Na nakula halali.

Msafiri wa Pwani
Karibu sana dada. Nimekaa Ureno miaka minne. La kwanza kabisa: Jumatatu makumbusho mengi hufungwa, na monasteri ya Jerónimos iliyoko mtaa wa Belém pia. Belém iwe Jumapili hiyohiyo. Weka begi hotelini, kunywa chai, toka. Jumatatu ibaki ya kuzunguka mjini.

Kutoka uwanja wa ndege panda metro ya mstari mwekundu, badilisha Alameda, chukua wa kijani hadi Rossio. Kadi ya Navegante unanunua kwenye mashine palepale na kuijaza pesa. Hiyo moja inatumika metro, basi, tramu na pantoni.

Belém unakwenda na tramu namba 15 kutoka Praça da Figueira, jirani kabisa na Rossio. Njia yote inafuata mto na ni tambarare, goti halitapata taabu. Jerónimos ilianza kujengwa 1501, na sehemu kubwa ya gharama ilitokana na kodi ya biashara ya viungo na mali za Afrika na Asia. Vasco da Gama amelazwa ndani ya kanisa lake. Alifia Cochin, India, mwaka 1524, mifupa ikarudishwa baadaye. Jumapili asubuhi kuna misa, kwa hiyo kanisani nenda mchana.

Kapteni Juma
Mimi ningemshauri aende Sintra. Treni inaanzia hapohapo Rossio, haifiki hata saa moja, na yale majumba ya kifalme hutayaona kwingine.

Msafiri wa Pwani
Kaka, Sintra ni pazuri, sibishi. Lakini ni milima mitupu, na ana siku mbili. Atamaliza moja kwenye foleni. Aje safari nyingine.

Mama Nuru
Mdogo wangu, viatu. Njia za watembeao kwa miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa, vimesuguliwa na nyayo za watu mpaka vinang'aa. Mvua ikinyesha vinateleza kama sakafu yenye sabuni. Vaa raba zenye soli ya kushika, na goti lifunge bendeji.

Tramu namba 28 kila mtu atakusifia. Ipande mapema asubuhi, mkoba ukiwa kifuani. Vibaka wanaipenda kwa sababu ya msongamano. Mimi nilichomolewa pochi mji huohuo, nikashtukia kwenye mkahawa wakati wa kulipa, na siku nzima ikaishia polisi.

Kupanda ngomeni São Jorge usijitese, basi namba 737 linatoka Praça da Figueira mpaka juu. Kisha shuka polepole hadi Portas do Sol, ukae utazame mto. Chini yako ni Alfama, mtaa uliosalimika zaidi katika tetemeko la Novemba mosi 1755. Jina lenyewe ni la Kiarabu, kabla ya 1147 mji ulikuwa wa Waislamu. Bondeni Baixa ndiko kulikobomoka, mawimbi ya mto yakapanda na moto ukamalizia. Ndiyo maana huko barabara ni pana na zimenyooka, zilichorwa upya zote.

Mzee wa Magofuni
Mwanangu, salaam. Wenzako wamekuelekeza vyema, ila wamekupitisha pembeni ya kitu ambacho wewe, mtoto wa Kilwa, usikikose.

Kati ya Rossio na Belém kuna Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Rua das Janelas Verdes. Ndani yake imewekwa Monstransi ya Belém. Monstransi ni chombo ambacho Wakatoliki huonyeshea Ekaristi. Hii imetengenezwa kwa dhahabu ya Kilwa.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi pwani yetu na merikebu zenye mizinga. Akamlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo Kilwa ikiipata kwa biashara ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, nayo ilichimbwa bara, upande wa Zimbabwe ya leo. Ikafika Lisbon 1503. Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe monstransi, kazi ikakamilika 1506. Na kabla haijakamilika, Julai 1505, jemadari wa Kireno Francisco de Almeida alikwisha kuivamia Kilwa na kuipora. Walichukua kodi, kisha wakauchukua na mji.

Nilifundisha historia miaka thelathini na moja, nikawaeleza watoto habari hii bila picha hata moja. Nenda ukaione kwa niaba yetu. Soma maandishi yaliyozunguka kitako chake.

Binti wa Kivinje
Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Nimevuka kwenda Kilwa Kisiwani mara ngapi, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nitaanza hapo Jumapili, kisha Belém.

Msafiri wa Pwani
Mzee, marahaba zote ni zako, mimi nimepita hapo miaka minne sijui.

Dada, kwa chakula nenda Martim Moniz, dakika chache tu kutoka Rossio, migahawa ya Wabangladeshi na Wapakistani imejaa. Ukitaka cha Kireno, agiza samaki wa kuchoma, au bacalhau, ambaye kwetu tungemwita ng'onda. Jumatatu jioni panda pantoni Cais do Sodré uvuke hadi Cacilhas. Ni kama dakika kumi, kama Kigamboni, na mji wote unauona ukigeuka dhahabu nyuma yako.

Binti wa Kivinje (wiki mbili baadaye)
Nimerudi salama, naleta mrejesho.

Mama Nuru, raba ziliniokoa, mvua ilinyesha Jumatatu nzima. Basi la 737 lilinifikisha juu bila maumivu. Pantoni nililipanda mara mbili.

Makumbusho nilifika yanafunguliwa. Nilitarajia kitu kikubwa, kumbe hakifiki hata mita moja. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti, wadogo kama vidole, wametiwa rangi. Nilizunguka kioo nikitafuta maandishi. Kireno sijui, lakini neno moja nililijua: Qviloa, yaani Kilwa. Nikakaa kwenye benchi. Kundi la watalii lilipita, wakapiga picha, wakaondoka. Nilimpigia mama, nikamwambia niko mbele ya dhahabu yetu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Watairudisha?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Belém nilikwenda baadaye. Kaburi la Vasco da Gama ni la jiwe, limechongwa vizuri sana. Sikukaa pale hata dakika tano.

Mzee wa Magofuni
Ahsante mwanangu. Maandishi uliyapiga picha?

Binti wa Kivinje
Nimeyapiga, mzee. Taa imeakisi kwenye kioo ila neno linasomeka. Nitaipandisha usiku huu.