Naomba ushauri: herufi za kubuni za mchezo wangu

Asalaam aleykum wakubwa. Niko Unguja, natengeneza mchezo wa kompyuta wenye visiwa vya kubuni. Wenyeji wake nimewapa herufi zenye mistari iliyonyooka tu, kama runi, zile herufi za kale za Ulaya Kaskazini. Tabu ni kwamba runi zilikwepa mstari wa kulala kwa vile zilichongwa kwenye mbao, na mstari huo ungepotea ndani ya nyuzi za mti. Watu wangu wanachonga matumbawe! Juzi nimetazama maandishi ya Kikufi (mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu) ya mwaka 1107 kwenye mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi: yamepinda, yametoa na maua, na jiwe ni hilohilo. Sasa nizipinde, au niseme babu zao walianzia kwenye mbao za majahazi? Hii naipenda, ila naogopa itaonekana kisingizio. Nyie mngeamini?