Naombeni ushauri: salmoni anapikwaje akolee ladha? Wakwe wanakuja kesho

Binti_Forest: Habari za jioni wakuu. Niko Mbeya, nina kilo moja ya salmoni, vipande vinne vyenye ngozi. Kesho mchana wakwe wanakuja kutoka Tukuyu. Sijawahi kumpika huyu samaki. Nikaange, nioke au niunge nazi? Matusi hapana.

Mbalaga: Nazi tena? Salmoni ana mafuta yake mengi. Chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu, basi. Mkaushe maji kwa kitambaa, kikaango kipate moto kweli, anza na upande wa ngozi dakika 4 au 5 bila kumchokonoa, geuza, dakika 2. Ukiona utando mweupe kama wa yai unatoka pembeni, ujue umemchelewesha.

Kande_za_Jana: Wife alimpikia mama yangu kuku wa kienyeji kwa nusu saa. Mwaka wa 11 huu, mama akija anaulizia mlangoni, "Leo kameiva?" Pole sana dada.

Mzee_wa_Isyesye: Unyakyusani zamani mkamwana na baba mkwe hawakuangaliana hata usoni. Leo mnawalisha samaki wa Ulaya. Pika ndizi, binti yangu.

Mama_Uyole: Mdogo wangu, huyo samaki kafikaje Mbeya?

Binti_Forest: Yuko kwenye friji dada.

Mama_Uyole: Sijauliza yuko wapi.

Binti_Forest: Haya. Kaka alinitumia kwa basi kutoka Dar, kwenye boksi la barafu. Basi likaharibika njiani, likafika kesho yake jioni, barafu imeshakuwa maji. Lakini jamani huku si baridi? Na nimemloweka kwenye ndimu na siki tangu jana usiku, harufu imepungua.

Mama_Uyole: IMEPUNGUA?! Baridi ni ya Mbeya, huyo kapita Morogoro na boksi la maji, zaidi ya kilomita 800. Ndimu inaficha harufu tu. Samaki aliyekaa kwenye joto anaweza kuwa na sumu ambayo hata moto hauitoi. Na hata angekuwa mzima, ndimu ni nusu saa, ukimlaza nayo nyama inakakamaa. Tupa.

Binti_Forest: Mume wangu ameshawatangazia salmoni. Halafu bei yake mnaijua? Nikimkaanga sana je?

Kande_za_Jana: Mkaange sana, halafu msiba tuchangie sisi.

Chai_Rangi: Wakuu mnalishwa chai. Salmoni apande basi, basi liharibike, wakwe wafike kesho? Picha iko wapi?

Binti_Forest: Simu yangu kamera mbovu.

Chai_Rangi: 😂😂 Nimemaliza.

Mbalaga: Chai au si chai, kuna mbasa wa Ziwa Nyasa. Wazungu wanamwita salmoni wa ziwa kwa sababu naye hupanda mito kwenda kutaga, ingawa hawana undugu. Miiba anayo, lakini wazee wa Tukuyu wanamjua tangu utoto.

Mzee_wa_Isyesye: Hapo sasa mmeongea. Mbasa mbichi, mchuzi wa nyanya, wali wa Kyela.

Binti_Forest: Asanteni. Mume wangu kakubali mbasa, ila mezani ataitwa salmoni.

Mama_Uyole: Na yule wa kwenye friji umemtupa?

Binti_Forest: Nusu.