Kunipigapiga bega kwa sababu ya Bresson? MIMI?

Wakuu, nimetoka sinema sasa hivi, naandika nikiwa ndani ya metro na mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule wa skafu, hata kwenye joto hili la kukaangia mayai barabarani. Simtaji. Mswahili wa Paris ambaye hajawahi kuelimishwa naye bila kuomba anyooshe kidole.

Tulikwenda watu sita, Quartier Latin, kuangalia "Au hasard Balthazar". Filamu ya Bresson, mwongozaji Mfaransa, ya 1966, nyeusi na nyeupe. Punda anapita mkono hadi mkono, na kila bwana mpya ana fimbo yake. Mwisho anapigwa risasi, analala katikati ya kondoo, anakata roho. Nililia mpaka mama wa kiti cha mbele akanipa tishu.

Tumetoka nje, nikasema tu: yule punda kaigiza kuliko watu wote mle ndani. Basi! Akanigeukia, AKANIPIGAPIGA BEGA mara mbili kama mtoto aliyejikojolea, akasema: "Pole dada. Bresson si wa kila mtu. Wewe anza na Amélie."

AMÉLIE. Ile filamu laini ya Kifaransa ya wanaoanza!

Bresson mwenyewe waigizaji alikuwa hawataki! Anaokota watu wa kawaida, anawarudisharudisha mpaka maneno yanawatoka kama wanasoma risiti. Punda kuwashinda hao kuna kosa gani? Na huyu wa skafu alikuwa anakoroma tangu punda yuko mtoto! Halafu anakuja kunipigapiga bega, mara tatu, na sauti ile ya chekechea, mbele za watu. Godard wake, mwongozaji anayemwabudu, nimemvumilia miaka, picha zinarukaruka kama CD iliyokwaruzwa, sijamshika mtu bega. Bado linawasha.

Kobe Mwendokasi: Mara mbili au mara tatu?

Mleta uzi: Nne.

Bibi Tembele: Umelilia punda? Kwetu Lamu ungelia kutwa, kila kichochoro wamo.

Mpiga Kasia: Bega tu? Mimi huyohuyo alinipeleka kwa Rivette, mwongozaji mwingine, filamu "Out 1", karibu saa 13, wala hakunionya. Niliingia kijana, nikatoka shehe. Wikendi nzima imeliwa, na tiketi nililipa mimi.

Mleta uzi: Lakini wewe hakukwambia uanze na Amélie.

Mpiga Kasia: Angeniambia ningemshukuru. Ile ina saa mbili.

Bibi Tembele: Amélie nzuri bwana. Rangi zipo, muziki upo, watu wanapendana. Mnajitesa wenyewe halafu mnakuja kulia hapa.

Kobe Mwendokasi: Tuacheni hayo. Kinachoniudhi ni huyo jamaa kusema Wimbi Jipya, lile vuguvugu la filamu za Kifaransa, wameanzisha Truffaut na Godard. Mwongozaji Agnès Varda katoa filamu "La Pointe Courte" 1955! Filamu ndefu ya kwanza ya Truffaut 1959, ya Godard 1960. Mwanamke kapika, wavulana wamepakua, sifa kwa wavulana.

Jiko la Mkaa: Kabisa. Na Akerman je, mwongozaji mwanamke naye? "Jeanne Dielman" yake dakika 201, mama yuko jikoni anamenya viazi. Ndiyo filamu pekee ya Kifaransa niliyoielewa.

Mpiga Kasia: Akerman Mbelgiji, mkuu.

Kobe Mwendokasi: Varda naye kazaliwa Ubelgiji. Tumfukuze?

Mpiga Kasia: Sijasema hivyo.

Kobe Mwendokasi: Umemaanisha.

Bibi Tembele: Kwani hivyo viazi alivipikia nini?

Jiko la Mkaa: Nyama. Ila anamenya kwa utaratibu, maganda membamba, si kama nyie mnaotupa nusu ya kiazi.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa BEGA. Mara SABA kanipiga.

Bibi Tembele: Pole dada. Hivi pale sokoni Château Rouge, hapa Paris, unga wa muhogo bado upo? Mara ya mwisho nilirudi mikono mitupu.

Jiko la Mkaa: Upo, wahi Jumamosi asubuhi. Uliza maduka ya Wakongo. Kuna mmoja anaweka na pondu, kisamvu chao.

Mpiga Kasia: Pondu ya kutwanga au ya barafu?