Ukoo wa Kaloleni (Msa) 🌴

*Jumatano*

[18:04] Kadzo: Hamjambo nyote. Sasa ile shughuli ya kuonja bia ni Jumamosi hii, kwa Baba Mdogo Charo Mikindani, saa nane mchana. Chupa zimeshafika kutoka Nairobi na basi la usiku, nimezipokea leo asubuhi na hamna hata moja iliyovunjika. Nataka majina ya watakaokuja LEO

[18:05] Kadzo: Aina ni sita. Lager ya pilsner, bia ya ngano ya Kijerumani, saida tamu (ya tufaha), saida isiyo na sukari, IPA (ile bia chungu), na stauti (ile nyeusi). Kila aina chupa tatu za mililita 330. Watu tisa, kila mtu kama mililita 100 kwa kila aina, haizidi. Chupa 18 kwa 350 ni 6,300, gawanyeni kwa tisa ni 700 kila mtu. Nitumieni kwa mpesa kabla ya Ijumaa

[18:31] Kadzo: Naona tiki za bluu kumi na moja

[18:40] Baba Mdogo Charo: Mwanangu mimi nyumba natoa bure kwa hivyo 700 yangu ishalipwa 😂

[18:41] Baba Mdogo Charo: Halafu mililita 100 ni dawa ya kikohozi hiyo

[18:44] Kadzo: Baba Mdogo ukijumlisha zote sita ni 600, imepita chupa moja kubwa. Tunaonja ili tukumbuke, na tukumbuke mpaka ya sita

[18:52] Kahindi: Saa nane ndio saa ya baa kufunguliwa wikendi kwa sheria ya Mututho, dada kapanga kisheria kabisa 😂😂

[18:53] Baba Mdogo Charo: Kwangu si baa bana hakuna Mututho, kuna mama Neema tu na huyo ni mkali kuliko sheria

[18:54] Kahindi: 😂😂😂😂

[18:59] Kadzo: Jamani majina

[19:20] Wifi Mwanaisha: Wifi mimi siji kuonja lakini nitakuja na viazi karai na juisi ya ukwaju. Niambie tu watu wangapi

[19:22] Kadzo: Ahsante wifi ubarikiwe. Ila nakuomba pilipili na ukwaju vitoke BAADA ya kuonja. Kabla ya hapo ni maji na mkate mkavu tu, siagi pia hapana, manake mtu akishakula achari ulimi wake hausikii tena kitu

[19:25] Baba Mdogo Charo: Mkate mkavu na maji!! Huyu mtoto anatufunga jela ya Shimo la Tewa

[19:26] Kahindi: Tunafungwa na tunalipa 700

[19:40] Kadzo: Ebu niwaeleze ili mje mnajua. Tutapewa karatasi, alama ni 50 kama wanavyofanya waamuzi wa bia wa Marekani. Harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, vile inavyokaa mdomoni 5, na kwa ujumla wake 10. Mwaona mwonekano ni 3 tu, kwa hivyo msinipe maksi za rangi na chupa nzuri, na tena chupa nitazifunga na magazeti mtu asijue anakunywa nini. Tunaanza na nyepesi tunamaliza na nzito. Saida zinakuja kabla ya IPA manake uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, ukishakaa ulimini saida utaiona kama maji ya bomba

[19:47] Kahindi: Saida ni bia ya wanawake si ndio

[19:50] Kadzo: Saida si bia hata kidogo. Bia ni shayiri inapikwa, hii ni maji ya tufaha yanachachuliwa kama mvinyo, hayapikwi. Ile tamu sukari imebaki ama imeongezwa, ile nyengine hamira imekula sukari yote, na inakausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa

[19:53] Baba Mdogo Charo: Tufaha lipi, hili letu jekundu la msimu ama lile la dukani la kufutwa na kitambaa

[19:54] Kadzo: La dukani Baba Mdogo

[19:54] Baba Mdogo Charo: Basi wametuonea. Letu ndilo lenye harufu ya waridi

[19:55] Wifi Mwanaisha: Ni kweli lakini 😂 matufaha yetu yana harufu

[20:30] Kadzo: Na jambo la mwisho ambalo kwangu ndilo la kwanza. Nataka tuweke na mnazi, ile pombe yetu ya kugema, wa saba, mezani pamoja na hizo chupa. Wa asubuhi ileile kutoka shamba la nyumbani. Kaka Karisa naomba unipangie na yule mgema

[20:30] Kadzo: @Karisa

[21:15] Kadzo: @Karisa kaka

[22:48] Katana: Si minazi ilikodishwa? Kwani bado ni yetu?

*Alhamisi*

[06:10] Shangazi Sidi: Bwana Yesu asifiwe. Nimeamka nakuta ujumbe 40 nikadhani kuna msiba. Kumbe ni pombe.

[06:12] Baba Mdogo Charo: Amina dada 🙏

[06:30] Kadzo: Shikamoo shangazi. Samahani kwa kukushtua

[07:02] Kahindi: Katana amegusa palepale. Mimi pia tangu mwaka ule niliuliza minazi 22 inaleta nini kwa mwezi nikaambiwa ningoje. Nangoja hadi leo

[07:05] Katana: Na isije ikawa kama ile ya kuku

[07:05] Baba Mdogo Charo: 😂😂😂 weeee usitaje kuku hapa

[07:06] Kahindi: Baba Mdogo kuku na mbuzi pia

[07:20] Kadzo: Jamani hayo tuyaweke kando kidogo, mimi naulizia lita tano za mnazi tu

[07:21] Katana: Hayawekwi kando Kadzo. Wewe unaomba mnazi kwa mtu mmoja kama ni shamba lake

[09:33] Kadzo: Sasa nisikizeni, niko mapumziko dakika kumi. Mnajua kwa nini nautaka huo mnazi? Mwezi uliopita mgeni mmoja pale hotelini, mzee wa Ubelgiji, nimemhudumia bia nne tofauti na kila moja nimemweleza. Bia ya ngano nikamwambia ile harufu ya ndizi na karafuu haikutiwa ndizi wala karafuu, ni hamira ndiyo inatoa. Stauti nikamwambia ile kahawa anayoisikia ni shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi. Amefurahi. Kisha akaniuliza, na kinywaji cha hapa kwenu, kikoje? Nikasema mnazi. Akasema ladha yake? Na mimi mtoto wa Kaloleni, nimekua nikitumwa kubeba vibuyu vya mnazi kabla sijajua kusoma, nikamwambia ni mtamu. Basi. Nilikosa maneno. Ya Wajerumani ninayo, ya kwetu sina. Ndio nataka tukae chini tuutafutie maneno sisi wenyewe, walioukulia

[09:41] Wifi Mwanaisha: 😢 wifi

[09:58] Baba Mdogo Charo: Hapo umenena. Ila angalia, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mkimpa maksi 48 kesho hatukunywi tena kitu

[12:15] Kahindi: Nimetuma 700

[12:16] Kadzo: Nimeiona Kahindi. Katana bado, Dama bado, Baba Mdogo BADO

[12:20] Baba Mdogo Charo: Nyumba!

[13:05] Katana: Mtu akipanda na bia Nairobi mpaka hapa kwenye joto hili haijaharibika?

[13:11] Kadzo: Swali zuri. Joto linaizeesha haraka lakini usiku mmoja si neno, adui mbaya zaidi ni jua. Mwanga ukipiga hopsi bia inanuka kicheche, hasa chupa ya kijani ama nyeupe, ya kahawia inakinga zaidi. Nilishawahi kufungua moja iliyoachwa dirishani siku mbili, ile fyuu ya kwanza tu nikageuza uso. Hizi nimezifunika na kanga ziko ndani ya friji, chini. Na Baba Mdogo usije ukazitia kwenye frizaa usiku, baridi kali inafunga ladha. Lager sawa iwe baridi, stauti nitaitoa robo saa kabla

[13:14] Baba Mdogo Charo: Bia moto Mikindani mwezi huu!! Mwanangu wewe ulisomea wapi

[13:15] Kahindi: Tusker yangu naitaka na barafu nje ya chupa ndio ladha 😂

[13:17] Kadzo: Tusker ipo tangu zamani haikimbii kaka, Jumamosi moja tu jaribu nyengine

[16:40] Mapenzi: Shikamooni nyote. Hapa ni Mapenzi naandika kwa simu ya Babu. Babu amesema niandike neno kwa neno nisipunguze.

[16:46] Mapenzi: "Kadzo mwanangu, nimesomewa yote tangu jana. Pombe za chupa onjeni, sina neno nazo. Lakini mnazi wa shamba la babangu haupangwi foleni na chupa ukapewa maksi. Ule humwagwa chini kwanza, yakatajwa majina ya waliotangulia, ndipo walio hai wakanywa. Tangu ndugu yangu azikwe sijaona hata kata moja ikimwagwa pale. Minazi 22 yakwewa asubuhi na jioni na mgema nisiyemjua jina, na hesabu yake sijaiona. Karisa, mimi sikuiti mwizi. Nakuita uje. Jumapili saa tisa, baada ya ibada, hapa Kaloleni. Na hao wengine wanaosema kwenye simu waje waseme mbele yangu. Kenga."

[16:47] Baba Mdogo Charo: _Ujumbe huu umefutwa_

[17:55] Kadzo: Shikamoo Baba Mkubwa. Nimesikia.

[19:12] Dama: Hey nyote, simu yangu ilikuwa kwa fundi. Mimi nipo! Niwekeeni ile ya tufaha. Kwani ni lini??

[19:13] Kahindi: Dama soma juu

[19:30] Dama: Nimesoma. Jamani samahani Babu 🙏

[21:04] Shangazi Sidi: Kaka yangu amesema na mimi sina la kuongeza juu ya minazi. Ila Kadzo, ulivyosema umekosa maneno nimekaa nalo mchana kutwa. Mimi nimeokoka huu mwaka wa 19 na pombe sigusi, lakini marehemu baba alikuwa akiniamsha alfajiri nikashike kibuyu chini ya mnazi, mgema akishuka. Ule wa alfajiri ulikuwa mweupe kama maji ya kuosha mchele na povu jembamba juu linavuma ukitega sikio. Unanukia kama unga wa mahamri ulioumuliwa usiku, ule wenye tui, kabla hujatiwa iliki. Mtamu mbele halafu kwa nyuma unachoma ulimi kidogo kama nanasi. Mchana ule utamu umepungua. Jioni ni mkali, na ukilala ni siki, mama alikuwa akiutia kwenye samaki. Sikunywa sana. Lakini nilionja.

[21:06] Wifi Mwanaisha: Mashallah shangazi

[21:09] Kadzo: Shangazi nimeandika yote kwenye daftari. Unga wa mahamri kabla ya iliki. Ni hiyo hiyo. Kweli kabisa ni hiyo

[21:10] Baba Mdogo Charo: Dada kumbe wewe ndiye mwamuzi wetu

[21:12] Shangazi Sidi: Charo lala.

[23:37] Karisa: Nimesoma. Nilikuwa kazini Kipevu zamu mbili. Daftari la minazi ninalo, kila shilingi imeandikwa, miezi ya dawa za mama na karo ya Katana ya mwaka wa mwisho pia imo humo, Katana unajua. Sikutaka kuyaweka haya hapa. Jumapili niko zamu ya mchana nitajaribu kubadilishana na mwenzangu, siahidi.

[23:52] Katana: Ya karo najua. Ya baada ya karo ndio sijui

*Ijumaa*

[06:25] Kadzo: Hamjambo. Kaka ahsante kwa kujibu. Mimi naona hivi: Jumamosi tuonje zile sita bila mnazi, Jumapili twende Kaloleni wote. Ama Jumamosi tuache kabisa tubebe chupa kule kule Jumapili, tukishaongea na Baba Mkubwa, na mnazi unywewe kwa utaratibu wake bila karatasi yoyote, mimi nitasikiza tu watu wakisema

[06:40] Kahindi: Jumapili usiku mimi sipati matatu ya kurudi Mazeras na bia kichwani

[06:41] Kadzo: Hakuna atakayeendesha wala kubebwa na aliyeonja, hilo nishasema. Tutakodi matatu moja

[06:42] Kahindi: Ya kukodi ni juu ya 700?

[06:58] Shangazi Sidi: Chupa hazifunguliwi siku ya ibada nyumbani kwa kaka yangu. Mimi nimesema.

[07:03] Baba Mdogo Charo: Basi Jumamosi kwangu, mama Neema amekubali mpaka saa kumi na mbili

[07:15] Kadzo: Mapenzi muulize Babu kama Jumamosi haimkwazi

[08:50] Mapenzi: Nimemuuliza aunti. Amenyamaza kisha amesema "Kadzo ana masikio." Sijui maana yake ni ndio ama la

[08:51] Dama: Mmmh

[09:20] Kadzo: @Karisa umepata wa kubadilishana zamu?

[11:45] Kadzo: Haya. Kwa sasa Jumamosi ipo mpaka nisikie vyengine. Waliotuma hela ni wanne. Na nahitaji glasi tisa zinazofanana, safi, zisizooshwa na sabuni ya mafuta manake povu linakufa. Nani anazo?

[13:30] Kadzo: Glasi jamani

[14:08] Wifi Mwanaisha: Ninazo nane wifi, zile za harusi yetu. Moja ina ufa mdogo mdomoni